Deni likizidi, wakili kwanza, boti baadaye

Mwaka 2023 uliwaumiza wengi huku ufukweni. Mwezi Mei Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikapanda rasmi kutoka takriban 2,080 hadi zaidi ya 2,800. Aliyekuwa anadaiwa Kigoma au Kalemie alikuta deni limevimba, na hakuongezewa hata debe moja la mawese. Juni, noti za zamani za 5,000 na 10,000 zikaondolewa kwa muda wa siku kumi. Mwaka uliofuata ziwa likajaa.

Anayeshindwa kulipa Rumonge mara nyingi hufunga duka usiku na kuvuka. Deni hubaki, na wenzake waliobaki ndio wanaonyimwa mali kwa mkopo ng'ambo.

Mwaka 2006 sheria ya Burundi iliweka njia mbili. Ya kwanza ni konkorda: unapatana na wadai mbele ya mahakama huku biashara ikiendelea. Ya pili ni kufilisika, ambapo mahakama humteua mfilisi. Huyo si wakili wako, ingawa wengi humdhania hivyo. Anakusanya mali kwa ajili ya wadai. Wa kukutetea unamtafuta mwenyewe.

Mtafute mapema, kabla godauni halijawa tupu, kwa sababu konkorda haimfai asiye na kitu cha kuendeleza. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya baro, maana wapo makomisioneri wanaojiita mawakili. Muulize ameshughulikia konkorda ngapi. Bingwa wa kesi za viwanja si lazima ajue hesabu za duka. Muulize pia kama anaitetea benki inayokudai. Akikushauri uandikishe nyumba kwa jina la shemeji, ondoka ofisini mwake. Uhamisho wa namna hiyo mahakama inaweza kuufuta, na atakayeonekana tapeli ni wewe.

Kuhusu malipo, usikubali "tutaona mbele". Ada iandikwe na igawanywe kwa hatua: ushauri, kupanga orodha ya madeni, kufungua shauri, vikao. Gharama za mahakama na safari zitengwe, kwani Mahakama ya Biashara iko Bujumbura, zaidi ya kilomita 70 kutoka hapa. Mkataba ukiwa wa Kifaransa, usomewe kwa Kirundi au Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Kila faranga ipate risiti. Usimlipe kwa magunia ya ndagala wala kiwanja. Wadai wengine watauliza kwa nini yeye alitangulizwa.

Mawakili nao wana deni kwa wafanyabiashara hawa. Mtu aliyebakiwa na mtaji wa wiki mbili hawezi kupanda gari hadi Bujumbura kuuliza bei tu. Baro itangaze viwango vya ada za mashauri haya, na ilete wakili Rumonge walau siku moja kila mwezi, karibu na bandari.