"Waliachana Kitambo" Si Talaka

Kuna sentensi moja utaisikia kwa familia nyingi sana hapa Nairobi: "Aah, hao waliachana kitambo." Inasemwa kwa sauti ya kufunga stori. Baba yuko Embakasi na maisha yake, mathe yuko Syokimau na maisha yake, watoto wanajua nani wa kupigiwa simu ikiwa ni karo na nani ikiwa ni ugonjwa. Kila mtu amezoea. Halafu siku moja mmoja anataka kuuza nyumba, ama mnunuzi anaitisha sahihi mbili, ama mtu anafariki, na hapo ndipo familia nzima inagundua kwamba kisheria hakuna aliyeachana na mtu. Ndoa bado iko. Hatimiliki bado iko, majina mawili, vile ilivyotoka ofisi ya ardhi.

Msimamo wangu ni huu, na najua utaudhi pande zote mbili. Kukaa mkiwa mmetengana miaka kumi bila kumaliza maneno ya nyumba kunaumiza watu kuliko talaka yenyewe. Aliyebaki akilipa mkopo peke yake lazima ahesabiwe hiyo pesa. Na aliyeondoka hakupoteza haki yake kwa sababu alifunga begi.

Tuanze na sheria, maana clip za sekunde thelathini zimetuharibia sana hapa. Kila wiki kuna msee kwa simu anakuambia ukioa Kenya nusu ya mali yako imeenda. Si kweli. Sheria tunayotumia ni Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Kabla ya hapo mahakama zetu zilikuwa zinatumia sheria ya Waingereza ya 1882. Ndiyo, 1882, kabla reli haijafika Nairobi, kabla hata ya Nairobi kuwa mji. Na mwaka wa 2007 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba kuwa mke tu hakukupi fungu la mali. Ilibidi uonyeshe pesa uliyotoa. Mama aliyelea watoto wanne huku mzee akilipia ploti alikuwa anatoka na nguo zake.

Sheria ya 2013 ilibadilisha neno "mchango." Sasa mchango ni pesa, lakini pia ni kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kuwa mwenzi wa huyo mtu. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mali inagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. FIDA walienda kortini kupinga kipengele hicho, wakisema kinaumiza wanawake, na 2018 Mahakama Kuu ikakataa. Halafu Januari 2023 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: Katiba, Kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakioana, wakiwa kwa ndoa na ndoa ikivunjika, lakini hiyo haimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Uonyeshe mchango wako. Ukiweza kuonyesha nusu, utapata nusu.

Kuna tofauti moja ambayo watu wengi hawaijui. Kama nyumba iliandikwa majina yenu wawili, sheria inaanza kwa kudhani kila mmoja ana sehemu sawa. Inaanza tu. Mwenye kusema alitoa zaidi ndiye aje na ushahidi. Kama iko jina la mmoja, sheria inadhani amemshikia mwenzake pia, lakini hapo unaingia ulingoni kujua sehemu yako ni ngapi. (Na Waislamu, sheria inawaruhusu kufuata utaratibu wa dini yao, kwa hivyo msee wa Mombasa aliye kwa Kadhi asije hapa kunibishia na asilimia.)

Sasa hesabu yenyewe. Nitatunga mfano, msianze kutafuta ni mjomba wa nani.

Tuseme nyumba iko Syokimau, ilinunuliwa 2006 kwa milioni 4, majina mawili. Mzee anaondoka 2012. Kufikia hapo, ukijumlisha depositi na malipo ya benki, walikuwa wamelipa milioni 1.6. Mathe anabaki na milioni 2.4, analipa kidogo kidogo hadi anamaliza 2021. Leo mtu wa kukadiria bei anasema nyumba ni milioni 12. Riba tuiache kando, itatuumiza kichwa.

Mzee anakuja na hatimiliki: majina mawili, nusu yangu, milioni 6. Mathe anamwangalia: uliondoka na sanduku, nimelipa miaka tisa, nimebadilisha mabati, nimelipa askari wa geti, huna kitu hapa.

Kwangu wote wanakosea. Ile milioni 1.6 ya kwanza ilikuwa yao pamoja. Hata kama mzee ndiye alikuwa na payslip na mathe alikuwa nyumbani na watoto wadogo, ni yao pamoja, kwa hivyo kila mmoja ana laki nane hapo. Ile milioni 2.4 ni ya mathe. Ukihesabu hivyo, mzee ana laki 8 kati ya milioni 4, yaani moja kwa tano. Kwa bei ya leo ni milioni 2.4. Si milioni 6, na si sifuri.

Lakini usikimbie bado. Hiyo miaka tisa, karo ililipwa na nani? Kama mzee ndiye alikuwa anatuma karo ya watoto wawili wa bodingi kila muhula, basi ni pesa yake iliyomwachia mathe nafasi ya kulipa benki. Hapo mzee anapanda kutoka moja kwa tano. Kama hakutuma kitu, na mathe alilipa benki, akalipa karo, na akaamka usiku na watoto, basi mzee ashukuru kama atapata hata hiyo moja kwa tano, kwa sababu kulea ni mchango kwa sheria hii na sioni kwa nini kuache kuwa mchango ati kwa vile baba alihama. Upande mwingine, mathe alikaa kwa hiyo nyumba miaka yote bila kulipa kodi, huku mzee akilipa kodi kwingine. Hilo pia ni la kuwekwa mezani. Watu hawapendi kulisikia, na mimi pia silipendi, lakini ni la kweli.

Na bei ni ya lini? Hapa mathe atasema, tuhesabu thamani ya 2012 ulipoondoka. Naelewa kwa nini anasema hivyo. Shida ni kwamba kilichopandisha Syokimau si mathe. Stesheni ya treni ilifunguliwa mwisho wa 2012, SGR ikaja 2017, Expressway ikaanza kutumika 2022. Hakuna aliyeijenga hiyo barabara kati yao. Kwa hivyo mimi nasema tumia bei ya leo, lakini kila mtu apate kulingana na alichoweka mpaka mwisho. Alichojenga mmoja peke yake baada ya kutengana, kama vyumba vya kupangisha huko nyuma, hicho ni chake.

Umeona mahali stori inakwama? Kila jibu linaanza na "kama." Kama alituma karo. Kama alilipa benki. Na sasa ni miaka kumi na tatu baadaye. Benki haiweki karatasi zako milele. Meseji za M-Pesa ziliibiwa pamoja na simu kwa mathree. Jirani aliyejua kila kitu alihamia ushago. Mkitengana leo na mkae chini mwaka huu, hizo "kama" zote zina majibu. Mkikaa miaka kumi, mnabaki na kelele, na kelele ya nani ni kubwa ndiyo inashinda kwa mkutano wa familia.

Wazazi wetu wengi hawakutaka talaka kwa sababu ya aibu, kanisa, na gharama ya wakili. Sikatai. Lakini sheria inagawanya nyumba ndoa ikishavunjwa, si mkishakosana. Kutengana kwenyewe hakugawi hata kijiko. Kwa ndoa ya kiserikali, kuwa mmetengana miaka miwili ni mojawapo ya vitu vinavyoonyesha mahakama kwamba ndoa imeisha, kwa hivyo mtu aliyekaa kumi na tatu hajanyimwa mlango, amekataa tu kuufungua. Na hata kabla ya talaka unaweza kuomba mahakama itamke haki yako kwa mali inayogombaniwa. Unaweza pia kwenda ofisi ya ardhi kuweka kizuizi, nyumba isiuzwe kichinichini. Bado mko kwa ndoa? Hakuna anayeruhusiwa kuuza mali ya ndoa ama kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake, na hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake kwa nyumba ya ndoa bila amri ya korti. Hiyo ya kubadilisha kufuli wikendi ni fujo tu.

Kinachonitisha mimi zaidi ni kifo. Kuna aina mbili za kumiliki pamoja. Moja, kila mtu ana fungu lake, na akifa fungu linaenda kwa warithi wake. Nyingine haina mafungu: mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa aliye hai. Sasa fikiria mzee wa mfano wetu amepata mwenzake mwingine Embakasi, wana watoto wawili wadogo, na mathe ndiye anafariki kwanza. Kama nyumba iliandikwa kwa hiyo aina ya pili, mzee aliyeondoka 2012 anaamka na nyumba ya milioni 12, na watoto waliobaki na mama yao wanaanza kumpigia magoti. Ama pindua: mzee anafariki, na mathe ambaye hawajaongea tangu 2012 bado ni mjane kisheria, anakaa mbele kwa mazishi na mbele kwa urithi, huku yule aliyemuuguza akiulizwa "wewe ni nani?" Hakuna ubaya wa mtu hapo. Ni karatasi ambazo hazikubadilishwa.

Nyumba ya ushago ni maumivu ya aina yake. Mama amejenga kwa shamba la baba mkwe, ameleta mawe, ameleta tangi, halafu ndoa inaisha. Ardhi inayoshikiliwa kwa niaba ya ukoo haihesabiwi kama mali ya ndoa, kwa hivyo wakati wa kugawana anaweza kukuta hakuna ploti ya kugawa, na nyumba huwezi kuiweka kwa pikapu. Dada zangu mnaotuma pesa ya mjengo huko kila mwezi, uliza kwanza shamba liko kwa jina la nani.

Na nyinyi mnaoishi pamoja bila ndoa mkidhani mmekwepa haya yote, hamjakwepa. Siku ile ile ya Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikataa kuwahesabu kama wanandoa watu wawili waliokuwa wamekaa pamoja miaka mingi. Lakini nyumba bado iligawanywa, kwa sababu wote walikuwa wameweka chao. Walifika mpaka korti ya juu kabisa ya nchi kugombania nyumba. Hebu hesabu bili ya mawakili hapo.

Ikishajulikana kila mtu ana ngapi, njia za kutoka si nyingi. Uze mgawane. Ama mmoja amnunue mwenzake polepole, kwa mkataba ulioandikwa. Ama nyumba ikae mpaka mtoto wa mwisho amalize shule, halafu iuzwe. Mimi napenda ya pili, kwa sababu mathe anabaki kwake na mzee anaondoka na pesa badala ya uchungu, na kuna kitu kizuri watu hawakijui: mali ikihamishwa kati ya waliokuwa wanandoa kama sehemu ya makubaliano ya talaka, KRA haikati ile kodi ya faida ya mali, ambayo tangu 2023 ni asilimia 15. Mkingoja, mmoja afe ama mgombane na muuze kwa hasira kwa dalali, hiyo nafasi imeenda.

Ya tatu sijaikataa, ila ina shimo. "Mpaka mtoto wa mwisho amalize shule" huwa inaandikwa bila tarehe, halafu mtoto wa mwisho anafika miaka ishirini na saba, ako kwa bedroom yake ya zamani na PlayStation, na kila akiulizwa anasema anangoja masters. Wekeni tarehe, na kama tayari wewe ndiye huyo mtoto, anza kuchangia stima.