Mvinyo Tuupime kwa Ulimi

Mwezi Juni, katika hoteli moja mjini Mbeya, ndugu mmoja aliyekuwa ametukaribisha aliagiza chupa ya mvinyo mwekundu wa Shiraz uliochanganywa na zabibu nyingine, kutoka Afrika ya Kusini. Alipoulizwa kama hapakuwa na wa Dodoma, alicheka. Kisha akatia barafu katika bilauri yake, akaunywa pamoja na samaki aina ya mbasa, akausifu. Aliusifu kwa kuwa umetoka mbali.

Hiyo ni kasumba, na anayeilipia ni mkulima wa Hombolo. Zabibu hiyo hiyo, ambayo Wafaransa huiita Syrah, hulimwa Dodoma, ambako mzabibu huzaa mara mbili kwa mwaka. Na mara nyingi wakulima wake wamelalamika kukosa soko. Kutoka Dodoma hadi Iringa kwa barabara ya Mtera si safari ya siku nzima. (Wako wanaodhani jina la Shiraz linaihusisha zabibu hii na Uajemi, kama Washirazi wetu wa pwani. Uchunguzi wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wazazi wake wote wawili ni wa kusini-mashariki ya Ufaransa.)

Sisemi tunywe wa kwetu kwa sababu tu ni wa kwetu. Nasema tuonje. Na kuonja si elimu ya Wazungu peke yao: mnywaji wa Iringa hutambua kwa funda moja kama ulanzi aliopewa ni mtogwa, ambao bado ni mtamu, au ni mkangafu, uliokwisha kuchacha. Ulimi huo huo unatosha. Shiraz huwa na rangi nzito, harufu inayokaribia pilipili manga, na ukakasi ule tunaoujua katika chai ya Mufindi au Rungwe iliyoachwa na majani yake kupita kiasi. Ndiyo sababu huchanganywa na zabibu laini zaidi, kama Grenache. Ukakasi unaobaki hutulizwa na nyama yenye mafuta: mbuzi wa kuchoma, nguruwe wa kukaanga, au ndizi za Tukuyu zilizopikwa na nyama ya ng'ombe. Kwa samaki haufai. Huacha ladha ya chuma mdomoni. Pilipili kali nayo huzidisha ukali wa kileo. Na barafu ya nini, Mbeya, mwezi Juni? Huuzimua mvinyo, na ubaridi wake huongeza ukakasi.

Wenye hoteli wa Mbeya na Iringa waweke mezani chupa mbili, ya Dodoma na ya kigeni, wafunike vibandiko, wateja waonje pamoja na nyama. Nao watengenezaji waandike kwenye kila chupa zabibu zilizomo na mwaka wa mavuno, ili mnywaji akiupenda aweze kuurudia, na akiuchukia ajue wa kumlaumu. Mwenyeji wetu yule nimekwisha kumwalika. Safari hii chakula nitaagiza mimi.