Trekta dogo na mteremko
Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Tabora kwenda Bagamoyo walijua kufunga mzigo usiwayumbishe. Trekta dogo la leo, huko Urambo au Sikonge, hurundikiwa tumbaku kisha likakatishwa ubavuni mwa mteremko. Likipinduka, tunamlaumu dereva. Dawa si ghali: ringi za nyuma zikigeuzika, zigeuze ili magurudumu yatanuke, jaza maji robo tatu ya tairi za nyuma (Ulaya huongeza chumvi yasigande, Tabora hatuna shida hiyo), punguza kimo cha mzigo, panda na ushuke moja kwa moja. Na likipinduka hata hivyo, fremu imkinge dereva: Uswidi iliilazimisha kwenye matrekta mapya mwaka 1959. Mnunuzi, usilipe kabla hujaiona fremu hiyo, pamoja na mkanda wa kiti.