Usafiri Usiozama: Wito kwa Wakazi wa Dar es Salaam

Kila masika, usafiri wa Dar es Salaam hutegemea hali ya sehemu moja tu: Jangwani, pale Barabara ya Morogoro inapovuka bonde la Mto Msimbazi. Mvua ikinyesha mfululizo, maji hupanda juu ya lami, polisi huifunga barabara, na mabasi ya mwendokasi yanayotoka Kimara huishia Magomeni. Magari mengine hutafuta njia ya kuzunguka na kwenda kujazana kwenye barabara ambazo hata siku ya jua zina foleni. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko upande wa pili wa bonde hilo. Mgonjwa wa Manzese mwenye siku ya kliniki, mama lishe anayewahi Kariakoo na mwanafunzi aliyevaa sare hubaki upande huu wakitazama maji, isipokuwa yule mwenye fedha ya kumlipa bodaboda nauli iliyopanda ghafla.

Mwendokasi ndiyo hatua kubwa kuliko zote ambazo jiji limewahi kuchukua kupunguza moshi na foleni. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa takriban kilometa 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Kariakoo, ilianza kubeba abiria Mei 2016. Basi moja refu lenye kiungo katikati huchukua watu wapatao 150, ambao kwa magari madogo, mengi yakiwa na dereva peke yake, wangejaza barabara kutoka taa moja hadi nyingine. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Masika ya mwaka huohuo maji yaliingia kwenye depo ya mabasi hayo iliyoko Jangwani, yakalaza mabasi yaliyokuwa yameegeshwa humo. Depo ilikuwa imejengwa ndani ya bonde la mafuriko. Wazee wa Magomeni wangeweza kutaja mpaka maji yanapofika kila mwaka bila kipimo chochote, lakini ujuzi wa aina hiyo ni nadra kufika kwenye meza za wachoraji ramani.

Kosa hilo linaonyesha jambo ambalo mijadala ya usafiri na mazingira huliruka. Basi lisilotoa moshi mwingi halina faida kwa hewa ya jiji likiwa limesimama. Abiria aliyeachwa kituoni siku tatu mfululizo hatafuti basi jingine safi. Hununua pikipiki, au hukopa gari la mkono wa pili, na akishalinunua halirudishi mvua ikikatika. Hivyo kila tatizo kubwa, iwe mafuriko, bei ya mafuta au maradhi, huwaondoa watu kwenye usafiri wa umma na kuwapeleka kwenye vyombo binafsi. Kazi ya kulinda mazingira katika usafiri huanza kwa kuzuia hamahama hiyo, na sehemu yake kubwa iko ndani ya uwezo wa wananchi.

Mafuriko yenyewe hayatokani na mvua peke yake. Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kupita Vingunguti na Kigogo kabla ya kufika Jangwani na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Huko juu ardhi imejengwa na kusakafiwa, kwa hiyo maji ambayo zamani yalizama ardhini sasa hutiririka yote kwa mara moja. Mchanga unaoletwa nayo hutua bondeni na kupunguza kina cha mto. Uchimbaji wa mchanga hubomoa kingo, na taka hufanya yaliyobaki: magodoro, vifuu vya madafu na chupa za plastiki huziba makalavati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini nyumba na gereji zimeota ndani ya mpaka huo mbele ya macho ya kila mtu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliopoteza makazi wakahamishiwa Mabwepande. Mvua za El Niño zikarudia somo lilelile kwa nchi nzima: kufikia Aprili 2024, Serikali ilitangaza vifo 155, na mwezi uliofuata barabara ya kwenda Lindi ilikatika Somanga.

Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022, unahusisha kuinua daraja la Jangwani, kupanua mto, kuhamisha depo na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Ni mpango mzuri, tena uliochelewa. Hata hivyo daraja refu haliwezi kusaidia kitu iwapo mitaro ya Tandale, Mburahati na Buguruni imejaa taka, kwa sababu maji yatafunga barabara za mitaani na abiria hatafika kwenye kituo cha mwendokasi. Mitaro hiyo haina mfadhili. Ni ya mtaa, na mtaa ndio unaoijaza.

Hapo ndipo wito wa kwanza unapoelekezwa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, wengi walidhani biashara ya Kariakoo ingesimama. Ndani ya miezi michache vikapu na mifuko mbadala vilikuwa vimeshika nafasi. Marufuku ilifanikiwa kwa sababu muuzaji na mnunuzi waliacha kwa pamoja. Mtaro nao hausafishwi na mtu mmoja anayejali akiwa amezungukwa na 30 wanaotupa. Unahitaji siku inayojulikana, ratiba ya nyumba kwa nyumba, gari la taka linalofika kwa wakati, na faini inayotozwa hata kwa jamaa wa mwenyekiti. Taka zilizotolewa zikiachwa ukingoni, kama inavyotokea mara nyingi, mvua ya kwanza huzirudisha zilikotoka na jasho la watu limepotea bure.

Tatizo la pili huja kutoka mbali. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya petroli Dar es Salaam ilipanda mpaka Agosti ikapita shilingi 3,400 kwa lita. Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni pekee, fedha iliyoishia kwenye mabomba ya moshi bila kuacha basi hata moja wala mita ya njia ya waenda kwa miguu. Nauli za daladala zilikuwa zimeshapandishwa mwezi Mei. Kisichoandikwa kwenye tangazo la nauli ni jinsi hasara inavyogawanywa. Dereva mwenye hesabu ya tajiri, yaani kiasi cha kumpelekea mwenye basi, ya kutimiza kila jioni hukatisha ruti, hushusha watu njiani na kugeuza, hukwepa wanafunzi wanaolipa shilingi 200, na huendesha basi bila matengenezo mpaka litoe moshi mweusi. Kumlaumu peke yake ni rahisi, na hakusaidii. Mkataba wa hesabu ya siku unamwadhibu anayefuata ruti, na wenye mabasi wanaweza kuubadili kwa mshahara au mgao wa mapato bila kusubiri kikao cha Bunge.

Nishati iliyo karibu ipo. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika jijini tangu 2004, na bomba la Mtwara lilianza kazi mwaka 2015. Bajaji na teksi nyingi zimefungwa mfumo wa gesi kwa sababu moja: safari ya gharama ndogo. Foleni ndefu kwenye vituo vichache vya kujazia zinatosha kuonyesha kwamba watu hawakuhitaji kushawishiwa. Gesi hutoa masizi machache kuliko dizeli, lakini bado ni mafuta ya ardhini na ikivuja huongeza joto la dunia. Inafaa kuhesabiwa kuwa daraja la kuvukia. Ng'ambo yake kuna umeme. Treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, haichomi lita hata moja ya dizeli, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza umeme wa maji kwenye gridi. Treni hiyo imewatoa barabarani abiria waliozoea mabasi. Ndani ya jiji, pikipiki za umeme ndizo zinazoweza kufuata haraka, kwa kuwa pikipiki hutembea kutwa nzima na betri yake hubadilishwa kwa dakika chache.

Kigali imechukua njia hiyo kwa uamuzi wa wazi: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini humo zinatakiwa kuwa za umeme. Dar es Salaam haiwezi kunakili amri hiyo kama ilivyo, maana vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba na hawawezi kuziacha kabla deni halijaisha. Vyama vya bodaboda vya vijiwe vinaweza kufanya kile ambacho dereva mmoja hawezi: kujadiliana na mabenki na wauzaji kama kundi, kudai kituo cha kubadilishia betri karibu na kijiwe, na kuhakikisha marejesho hayazidi fedha inayookolewa kwenye petroli. Kijiwe chenye wanachama 40 kina sauti dukani. Dereva mmoja ana deni tu.

Njia ya bei ndogo kuliko zote imesahauliwa kwa sababu haina mwekezaji. Machi 2020, Uganda ilipofunga usafiri wa umma na kisha magari binafsi ili kuzuia UVIKO-19, Kampala iliendelea kuishi kwa miguu na baiskeli. Wauguzi na wauza matoke waliendesha katikati ya barabara zilizokuwa tupu. Dar es Salaam haikufungwa, lakini agizo la kukaa levo siti, yaani kutobeba abiria wa kusimama, lilipunguza nafasi kwenye daladala na vituo vikafurika jioni. Wengi walitembea. Walitembea kwenye kingo zisizo na njia, katikati ya mabanda na magari yaliyoegeshwa. Pembeni mwa mwendokasi zipo njia za baiskeli zilizojengwa kwa fedha za umma, lakini sehemu nyingi zimekuwa maegesho na soko. Kuzirudisha hakuhitaji mkopo. Kunahitaji wafanyabiashara wapewe eneo mbadala linalopitiwa na wateja, si uwanja wa mbali ulio mtupu, na wenye magari waache kuzitumia kama ua wa nyumbani.

Waajiri nao wamo. Ofisi za Posta na Kivukoni zinazofungua mlango saa moja na nusu zote kwa pamoja ndizo zinazotengeneza msongamano wa saa kumi na mbili. Shule na ofisi zikipishanisha saa za kuingia, basi lilelile hufanya safari mbili zilizojaa badala ya moja iliyofurika na nyingine tupu. Siku ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya mvua kubwa, mtumishi anayeweza kufanya kazi nyumbani aruhusiwe bila kukatwa, ili siti ibaki kwa asiyeweza: muuguzi, fundi, mpishi. Makampuni mengi yalijifunza kufanya hivyo mwaka 2020, kisha yakasahau.

Yote hayo yana mahali pa kuanzia. Viongozi wa mitaa waliochaguliwa Novemba 27, 2024 wana muhula wa miaka mitano, na mkutano mkuu wa mtaa ni haki ya kila mkazi mtu mzima. Mkutano huo unaweza kutaja kwa majina mitaro inayofurika, kupendekeza njia za dharura ambazo daladala zitafuata maji yakipanda, na kukubaliana na viongozi wa vijiwe nauli ya siku ya mvua isiyomkamua mgonjwa. Mapendekezo yakiandikwa kwenye muhtasari, mtendaji analazimika kuyapeleka kwenye kata, na diwani hawezi kusema hakusikia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) nayo huitisha mikutano ya maoni kabla ya kubadili nauli. Kwa kawaida wenye vyombo huja na hesabu zao za vipuri na matairi, wakati viti vya abiria viko wazi. Abiria wanaohudhuria wanaweza kudai kwamba nyongeza yoyote iendane na masharti: ruti isikatishwe, mwanafunzi apakiwe, na basi linalotoa moshi mweusi liondolewe barabarani mpaka litengenezwe.

Mvua za vuli huanza Oktoba na masika hushika Machi, kwa hiyo kipindi cha ukavu cha kufanya kazi ya mitaro ni kifupi. Mikutano ya mitaa inayoitishwa kati ya Julai na Septemba ndiyo yenye nafasi ya kupanga siku za usafi, kuomba magari ya taka manispaa na kuwagawia wenye vijiwe na daladala njia za dharura. Ajenda hizo zisipoingizwa hapo, zitajadiliwa Oktoba, barabara ikiwa imeshafungwa.