Shawa ya Kona Fundo? Anzeni na Tangi

Haya wasomaji wangu, leo tuache siasa kidogo tuingie msalani. Msicheke! Namna watu wanavyooga ni siasa vilevile.

Rafiki yangu mmoja, mzaliwa wa Fundo anayefanya kazi Maskati, anawajengea wazee wake bafu jipya. Kanitumia picha ya kitu anachotaka kununua: shawa ya kona, ile yenye vioo vilivyopinda, sinia la plastiki chini na kichwa cha bomba kikubwa kama sahani ya pilau. Anataka maoni yangu. Namjibu hapa hadharani, maana hayuko peke yake. Wenye jamaa Dubai, Maskati au London wanaijua hadithi hii: picha hutangulia, maji hufuata, yakipatikana.

Kwa wasioijua, Fundo ni kisiwa chembamba magharibi ya Pemba, upande wa Wete, na unafika kwa chombo cha bahari. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Katika visiwa vya namna hii maji matamu ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiyavuta mengi mno, chumvi inapanda. Na maji yenye chumvi huchafua kioo na kula bomba linalong'aa.

Kona yenyewe siipingi. Kona ni akili. Kuta mbili tayari unazo, unaziba pande mbili tu. Ukitenga sentimita 90 kwa 90, sehemu nyingine ya msala inabaki kavu, na anayeingia kutia udhu hakanyagi povu la mwenzake. Ninachopinga ni kuanza na kioo.

Tuanze na nguvu ya maji. Tangi likiwa mita 10 juu ya bomba, unapata baa 1. Juu ya nyumba ya kawaida tangi linakizidi kichwa cha shawa kwa mita 2 hivi, yaani baa 0.2. Vile vichwa vikubwa vya madukani vingi vimetengenezwa kwa mabomba ya mjini yenye nguvu zaidi. Utasimama chini yake ukingoja matone. Kichwa kidogo na bomba pana vitakufaa zaidi, bila pampu. Pampu inataka umeme, na hilo Wazanzibari hatuhitaji kufundishwa. Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya umeme wa kutoka bara kukatika. Pampu zilipokosa umeme mabomba yalikauka, na waliokuwa na vioo bafuni walirudi kwenye ndoo kama sisi wengine.

Halafu wingi wa maji. Shawa ya kawaida hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika. Dakika 5 tu ni lita 40 au zaidi, yaani madumu mawili. Anayejua kuoga kwa kata hutosheka na ndoo moja ya lita 20. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, shawa inataka madumu 12. Kama maji ni ya kisimani, nani atayabeba? Si yule aliyelipia kioo. Ni binti wa nyumba, kabla hajaenda skuli. Hapo ndipo bafu la kisasa linapogeuka kuwa mzigo wa kisasa.

Dawa ipo, nayo inatoka mbinguni. Paa la mita za mraba 50 likipata milimita 1,000 za mvua hupokea lita 50,000. Pemba hupata zaidi ya hapo katika mwaka wa kawaida. Hata yakipotea mengi njiani, mfereji wa paa na tangi kubwa vitamsaidia mama kuliko kioo chochote.

Na maji yakishatumika yanakwenda wapi? Matumbawe yana nyufa. Maji machafu hupita haraka, na kisima cha jirani kiko pale pale. Kanuni inayotajwa sana ni mita 30 baina ya shimo na kisima, na kwenye mawe yenye nyufa ni heri kuzidisha. Picha ya Maskati haionyeshi shimo. Haionyeshi jirani pia.

La mwisho ni lile sinia. Lina ukingo wa kuvuka. Bi mkubwa mwenye magoti mabovu, miguu ina sabuni, avuke vipi? Mwambie fundi amwage sakafu ya saruji isiyo na kizingiti, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Aweke vigae visivyoteleza, kishikio imara ukutani na kiti cha kukalia. Pazia litatosha badala ya kioo. Na chini ya shawa liwepo bomba la kujazia ndoo, kwa siku ambazo tangi limepungua.

Najua wapo watakaosema, "Nyie mnataka watu wa visiwani wabaki na kata na ndoo!" Hapana jamani. Nataka mzee wa Fundo asimame, au akae, chini ya maji yanayomwagika kweli. Shawa isiyo na maji ni kabati la vioo la kuwekea madumu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Maskati, mfereji na tangi kwanza, shimo la pili, sakafu ya tatu. Zikibaki riali, nunua kioo. Nanyi wengine mnaojenga nyumbani mkiwa mbali, hebu semeni ukweli: mlipotuma fedha za bafu, mliuliza maji yanatoka wapi?