Fotoni sio tunguri, waandishi wenzangu!

Wadau, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipotunukiwa Nobel ya Fizikia kwa majaribio ya fotoni zilizofungamana, niliandika kwamba sasa ujumbe utatumwa kwa kasi kuliko mwanga. Mhariri akafurahi, kichwa cha habari kikapendeza. Ulikuwa uongo mtupu.

Hivi tunaogopa nini kueleza kitu kilivyo? Unachukua mwanga wa leza, unaupitisha kwenye fuwele maalumu. Fotoni karibu zote zinapita kama zilivyokuja. Mara chache sana, moja inatoweka na zinazaliwa mbili, zikigawana nishati yake. Fuwele ikipangwa sawasawa, hizo mbili zinatoka zimefungamana: ukipima kila moja inatikisika kuelekea upande gani, majibu yanaoana hata zikiwa mbali. Mwaka 2017 Wachina walizigawa kwa setilaiti ya Micius kwenye vituo viwili vilivyoachana kilometa 1,200 hivi. Majibu yakaoana.

Sasa ujumbe uko wapi? Haupo! Anayepima hachagui jibu, linakuja kwa bahati kama kurusha shilingi. Nani anaandika barua kwa kurusha shilingi? Mpaka wapimaji wapigiane simu na kulinganisha orodha zao ndipo wanaona zimeoana. Na simu haiendi kasi kuliko mwanga.

Halafu kuna wajuaji: "Aaa, ni kama jozi ya viatu, ukiona cha kulia unajua kilichobaki ni cha kushoto." Nao wamepotea. Mwaka 1964 John Bell alionyesha kihesabu kwamba kama kila fotoni ingekuwa imebeba jibu lake toka mwanzo, kuoana huko kungekuwa na kikomo. Clauser na Stuart Freedman wakapima mwaka 1972. Kikomo kikavukwa.

Mtasema ni mambo ya maabara, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Wapo wanaowauzia wagonjwa vidani vya "nguvu za kwanta". Kila tunapoandika fizikia kama uchawi, tunawapigia debe hao matapeli, bure kabisa, kwa jina la gazeti.

Mimi nimekiri langu. Wenzangu je?