Msimu Mkubwa wa Thabeet Haukuwa wa NBA

UPEPO WA UFIPA
Na Deo Katepa, Chala

Ijumaa ya Machi 13, 2009, saa mbili na dakika 22 asubuhi kwa saa zetu, watoto wa shule huku Ufipa walikuwa wamekwisha kufagia uwanja, wamekaguliwa kucha na wameingia darasani. Muda huohuo New York ilikuwa saa saba usiku, na ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden mchezo wa kikapu wa vyuo ulioanza jana yake ulikuwa ndiyo kwanza unakwisha. Connecticut na Syracuse walimaliza dakika 40 wakiwa 71-71. Syracuse walidhani wameshinda, maana Eric Devendorf alirusha mpira wa mwisho ukaingia, akapanda juu ya meza ya waamuzi kushangilia. Waamuzi wakaenda kuangalia picha, wakakuta muda ulikwisha kabla mpira haujamtoka mkononi. Zikaongezwa dakika tano, sare. Tano nyingine, sare. Ikafika nyongeza ya sita. Katika zile tano za mwanzo Syracuse hawakuongoza hata kwa sekunde moja. Walikuja kuongoza katika ya sita, wakaondoka na ushindi wa 127-117.

Katika timu iliyofungwa alikuwamo Mtanzania, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, jezi namba 34.

Hapa Chala ukitaja jina hilo kijiweni, jibu ni moja: alifeli. Juzi kijana mmoja alinitolea simu yake kunionyesha ushahidi. "Mzee Katepa, mwaka 2009 Thabeet kachukuliwa namba mbili, James Harden namba tatu, Stephen Curry namba saba. Sasa hapo utamtetea vipi?" Sikuwa na la kubisha, kwa kuwa hesabu zake ni sahihi. Memphis Grizzlies walimchagua wa pili nyuma ya Blake Griffin, na kabla msimu wake wa kwanza haujakwisha walikwisha kumpeleka ligi ya chini kwa muda. Kutoka hapo alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na mwaka 2014 safari yake ya NBA ikaisha. Alicheza mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Ninachobisha ni mahali pa kuanzia hesabu. Tumemshika Thabeet kwa miaka yake mitano ya NBA, tukaitupa miaka mitatu iliyotangulia, ambayo kwangu ndiyo hadithi yenyewe. Jambo kubwa kuliko yote ambayo Mtanzania amewahi kuyafanya katika mchezo huu alilifanya akiwa mwanafunzi.

Chuo Kikuu cha Connecticut kipo Storrs, na Storrs si jiji. Ni shamba. Chuo kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na mpaka leo kinafuga ng'ombe na kuuza aisikrimu ya maziwa yao. Mtu wa Ufipa akishushwa pale atashangaa baridi na theluji, lakini harufu ya zizi haitamshangaza. Nalisema hili kwa sababu tumezoea kuamini kwamba michezo mikubwa ni mali ya miji mikubwa, na kwamba mtoto wa Chala, Kate au Laela akitaka kuwa mtu uwanjani lazima kwanza apande basi. Storrs ni kijiji chenye ukumbi wa michezo.

Thabeet alifika huko mwaka 2006. Mchezo wenyewe alikuwa ameuanza akiwa na miaka kama kumi na minne au kumi na mitano, umri ambao wenzake wa Marekani wameshaanza kuuzoea hadi kuuchoka, kisha akapitia sekondari moja ya Houston. Aliletwa na urefu. Mwaka wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2 na ribaundi 6.4, na timu ikafanya vibaya, ushindi 17 na vipigo 14. Mwaka wa pili akapanda hadi pointi 10.5 na ribaundi 7.9, timu ikafuzu mashindano ya taifa, lakini ikatolewa mechi ya kwanza na chuo cha San Diego kwa pointi moja, tena ndani ya dakika za nyongeza. Angeweza kuondoka. Wengi wa kimo chake huondoka mapema, fedha zikiwa bado zinaita. Yeye akarudi mwaka wa tatu, na huo ndio msimu ninaousema.

Msimu wa 2008-09 Connecticut walishinda mechi 31 na kupoteza 5. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee mkali aliyekwisha kuchukua ubingwa wa taifa mwaka 1999 na 2004. A.J. Price alikuwa mpanga mchezo, Jeff Adrien mbeba mizigo ya chini ya kikapu, na nyuma yao kulikuwa na kijana wa mwaka wa kwanza, mfupi, mwenye kasi, akiitwa Kemba Walker, ambaye miaka miwili baadaye angekipa chuo hicho ubingwa mwingine. Katikati ya wote alisimama Thabeet na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo.

Hiyo bloku ndiyo kazi yenyewe, nayo haionekani yote katika takwimu. Mchezaji akiingia ndani kufunga akamwona Thabeet amesimama pale, mara nyingi alibadili mawazo, akarudisha mpira nje au akarusha vibaya. Mtupo ambao haukurushwa kwa woga hauandikwi popote. Iliyoandikwa inatosha lakini: Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10 katika mchezo mmoja. Makocha wa vyuo wa Marekani walimtaja mlinzi bora wa taifa mwaka 2008, wakarudia 2009. Alipoondoka Storrs alikuwa amezuia mitupo 417, na katika historia ya chuo hicho aliyemzidi ni Emeka Okafor peke yake. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayeambiwa alifeli.

Nisiufanye msimu huo uwe wa asali mwanzo hadi mwisho. Februari 16, 2009, siku Thabeet anatimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja nchini, walikuja Pittsburgh na jitu moja nene liitwalo DeJuan Blair, fupi kuliko Thabeet kwa sentimita ishirini. Mapema kabisa walipogombania mpira mikono ikashikana, Blair akamzungusha Mtanzania wetu juu ya bega na kumbwaga sakafuni. Mchezo ulipokwisha Blair alikuwa na pointi 22 na ribaundi 23, na Thabeet alikuwa na pointi 5 na ribaundi 4. Wachambuzi wa Marekani wanaposema kwamba dalili zilikuwapo, wanaisema siku hiyo. Wana haki. Lakini mwisho wa msimu ligi yao ya Big East ilipotoa tuzo ya mchezaji bora, iliwapa wawili hao kwa pamoja.

Siku chache kabla ya kichapo hicho walikuwa wamempoteza Jerome Dyson, mfungaji wao wa pembeni, kwa goti. Wakaendelea bila yeye. Katika mashindano ya taifa mechi ya kwanza Calhoun mwenyewe alikuwa hospitalini kwa kuishiwa maji mwilini, wasaidizi wakaiongoza timu, na Chattanooga wakala 103-47. Texas A&M wakafuata, 92-66. Purdue, 72-60. Machi 28 wakawatoa Missouri 82-75, na kwa ushindi huo kijana wa Dar es Salaam akawa miongoni mwa wachezaji wa timu nne za mwisho za vyuo vya Marekani, hatua ambayo Wamarekani huisubiri mwaka mzima kama sisi tunavyoisubiri Simba na Yanga.

Nusu fainali ilichezwa Detroit Aprili 4, mbele ya watu zaidi ya 72,000. Uwanja wetu wa Mkapa hubeba 60,000. Bahati mbaya wapinzani walikuwa Michigan State, ambao chuo chao kiko mwendo wa saa moja na nusu tu kwa gari kutoka hapo, hivyo Connecticut walicheza ugenini katika uwanja ulioitwa huru. Thabeet alifunga pointi 17. Wakafungwa 82-73. Juni akaenda NBA, na mengine ndiyo hayo aliyonionyesha yule kijana kwenye simu.

Ninavyoielewa mimi, msimu ule ulitengenezwa na mfumo wa shule. Kijana aliyechelewa kuanza alipewa miaka mitatu ya kukosea, kocha yuleyule kila jioni, wenzake walewale, na mechi zaidi ya thelathini kwa msimu. Alipofika NBA akakuta kiti kwenye benchi na watu wasio na muda wa kumsubiri. Mwaka wa nne wa kujifunza haukuwapo. Tukimhukumu, tuuweke na huo mezani.

Simwombei mtu aone chuo cha Marekani kuwa pepo. Februari hiyohiyo, uchumi wa dunia ukiwa umeporomoka, mwandishi mmoja alimuuliza Calhoun hadharani kama angerudisha sehemu ya mshahara wake, akiwa mtumishi wa serikali ya jimbo anayelipwa kuliko wote. Kocha akawaka. Wakati huo wachezaji waliojaza kumbi walikuwa wanapata masomo, malazi na chakula, na kanuni ziliwakataza kupokea hata senti ya jina lao. Kanuni hiyo imelegezwa tangu mwaka 2021. Thabeet hakuikuta.

Na kuna jambo jingine la msimu ule ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kijiweni hata mara moja. Wakati Thabeet na wenzake wanafungwa Detroit, timu ya wasichana ya chuo hichohicho, chini ya kocha Geno Auriemma, ilikuwa haijafungwa na mtu. Maya Moore, Tina Charles, Renee Montgomery. Walicheza mechi 39, wakashinda 39, na Aprili 7 wakachukua ubingwa kwa kuwafunga Louisville 76-54. Chuo kimoja, mwaka mmoja. Tunaokumbuka Storrs tunakumbuka wavulana waliofungwa.

Hapo ndipo ninaporudi nyumbani, maana wasichana wa Ufipa ndio walio karibu na mchezo huu kuliko sote, na hatujawaambia. Pita barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere, uangalie viwanja vya shule. Magoli ya miti kwa wavulana, na pembeni nguzo mbili za mpira wa pete. Kanuni zinasema pete ya netiboli iwe juu mita 3.05 kutoka ardhini. Pete ya kikapu, ile aliyoilinda Thabeet Detroit, iko juu mita 3.05, na mdomo wake ni mpana zaidi. Msichana wa darasa la saba anayefunga kila jioni kwenye pete nyembamba isiyo na ubao tayari ana mkono. Kinachomkosesha kikapu ni sakafu ngumu ya kudundia mpira. Kwenye vumbi letu la Agosti mpira ukidunda haurudi, na kwenye tope la Februari ndiyo usiseme.

Kikapu kimo katika UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kila mwaka. Lakini timu ya mkoa huundwa vipi pale ambapo sekondari nyingi hazina uwanja? Wanachaguliwa warefu, wanafundishwa siku chache kambini, wanapelekwa taifa wakutane na watoto wa Dar es Salaam, ambao tangu mwaka 2015 wana hata viwanja vya Kituo cha Michezo cha Jakaya Kikwete pale Kidongo Chekundu. Kisha wanarudi na vipigo, nasi tunasema watu wa bara hawana kipaji cha kikapu. Kosa ni lilelile tunalomfanyia Thabeet: kumpima mtu mwishoni bila kuuliza alipewa nini mwanzoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa Halmashauri ya Nkasi, kwa wazazi wa kamati za shule na kwa wafanyabiashara wa mahindi ambao kila msimu malori yao yanapita hapa: uwanja wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ni zege, kokoto, saruji na nguzo mbili za chuma, na mafundi wa kuchomelea tunao. Kokoto na mchanga tunavyo, nguvu kazi tunayo. Tulishajenga madarasa kwa mtindo huo. Tusingoje kila shule ipate wake. Tuanze na mmoja hapa Chala, shule zote za kata ziutumie kwa zamu, na zamu ya kwanza wapewe wasichana.

Maoni yangu ndiyo hayo. Mwenye hoja tofauti, au mwenye saruji, ananijua ninapokaa.